Tulipu Kwenye Nchi ya Miwa

Wynyard, Tasmania
3 Februari 1991

Mwanangu Janneke,

Salamu nyingi kwako na kwa mumeo Darryl. Mimi sijambo, ukiacha hiki kifua ambacho siku hizi kina maneno mengi kuliko mwenyewe. Daktari naye ameungana nanyi. Anasema baridi ya huku itanizika, nihamie kwenu Queensland kwenye joto. Mmeshapanga nyote, nimebaki mimi tu kuambiwa tarehe!

Sasa nisikilize. Tangu mimi na marehemu baba yako tukiwa wadogo, sijawahi kuuona mwezi wa Oktoba bila maua ya tulipu. Nije huko nitazame nini, miwa? Nakutumia matunguu ya tulipu, zile nyekundu zenye mistari ya njano alizozipenda baba yako. Zikichanua kwenye udongo wako, zimesimama wima, nafunga mizigo. Zisipochanua, mniache na maua yangu, na habari ya kuhama isitajwe tena.

Shangazi yako,
Griet


Bundaberg
17 Machi 1991

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, joto tu ndilo linatukaanga. Pole sana na kifua. Unakunywa dawa au unaipa paka?

Nimekubali, na ahadi ni deni. Najua tulipu lazima ipigwe baridi kwanza ndipo ichanue, na baridi ya hapa ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo matunguu nimeyatia kwenye friji ya bia ya Darryl, ile ya banda la gari. Nyumba ilitaka kuwaka moto! "Yaani bia zangu ziwe za uvuguvugu kwa ajili ya vitunguu visivyoliwa?" Nikamwambia azipeleke kwa mama yake zikapoe.

Jirani yangu Bi Pascoe, mkubwa wa chama cha bustani hapa, amenicheka mbele ya watu. "Tulipu Bundaberg? Utavuna majani, mama. Likichanua hata moja, nitaosha vikombe vya chai vya ukumbini mwaka mzima." Nimemwambia atafute aproni.

Mwanao,
Janneke


Bundaberg
25 Agosti 1991

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Sisi wazima wa mwili.

Zimekataa. Majani yalitoka mazuri, nikaanza kuringa. Kisha machipukizi ya maua yakakaukia humo humo ndani, nikayafungua na vidole nikakuta kitu kama karatasi kuukuu. Bi Pascoe amechungulia ugani akasema, "Hongera kwa mboga." Nilienda kulia bafuni ili Darryl asinione, na Darryl akaja kulia nje ya mlango, mjinga yule.

Sijui nilikosea wapi. Nilifanya kila kitu. Hata matufaha ya huko kwetu, nikiyaona dukani nayanunua, na nilikuwa nayaweka kwenye friji ile ile pamoja na matunguu, yasijisikie upweke ugenini. Basi, umeshinda. Sitakusumbua tena kuhusu kuhama, ingawa usiku nikisikia upepo nakuwaza wewe na hicho kifua.

Mwanao,
Janneke


Wynyard
4 Septemba 1991

Mwanangu,

Nimeipata barua yako, nimecheka mpaka nikakohoa, nimekohoa mpaka jirani akaja. Matufaha! Ewe mtoto wa Tasmania uliyezidiwa na mapenzi ya kwenu! Tufaha likiiva linatoa hewa, na hewa ile inaliua ua likiwa bado limelala ndani ya tunguu. Umeyafungia chumba kimoja na muuaji, tena ukamwita ndugu.

Ningeweza kunyamaza. Ningekwambia pole mwanangu, joto limezishinda, na mimi ningebaki zangu hapa kwa amani. Nimekaa na hiyo kalamu jioni nzima. Lakini siwezi kuacha tulipu itendewe ubaya halafu ninyamaze, hata kama inanigharimu nyumba.

Kwa hiyo sikiliza. Mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki. Friji isiwe na tunda hata moja. Usiwe na papara ya kupanda: subiri katikati ya Juni, na ukitia mkono kwenye udongo asubuhi uone ubaridi. Panda kwa kina, kiganja kizima, ufunike na majani makavu. Nikichimba yangu mwezi wa kumi na mbili nitakutumia mengine. Umepewa nafasi ya pili, na ya tatu haipo.

Shangazi yako,
Griet


Bundaberg
21 Juni 1992

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Mbona kimya? Kifurushi kilifika Februari bila hata mstari mmoja ndani, na anwani imeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Nimeandika mara mbili hujibu, napiga simu inalia tu. Unaniogopesha.

Matunguu yamekaa kwenye friji bila tunda, na bia zimehamia kwenye ndoo ya barafu. Lakini tumepata msiba wa aina yake. Jumapili moja Darryl alikuwa anachoma soseji na rafiki yake Clive, vitunguu vikaisha. Clive akaingia bandani, akafungua friji, akaona mfuko. Kufumba na kufumbua matunguu yako yamo kwenye karai yanakaangwa! Nilipiga yowe mtaa mzima ukatoka. Clive alikuwa ameshakula mkate wake, akashikwa na tumbo mpaka kesho yake, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Yaliyosalia ni machache. Nimeyapanda juma lililopita kama ulivyosema. Darryl, kwa aibu ya rafiki yake, kila asubuhi anamwaga barafu ya ndoo ya bia juu ya tuta. Shangazi, nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Janneke


Hospitali, Burnie
9 Julai 1992

Mwanangu Janneke,

Niko hai, usilie. Naandika nimelala, usome polepole. Januari nilishikwa na nimonia, jirani ndiye aliyekutumia kifurushi. Nikapona, nikarudi nyumbani, na baridi ya Mei ikanirudisha hapa. Sikutaka ujue, ungeacha kila kitu ukaja, na mimi nilitaka upande.

Daktari anasema baridi moja zaidi itanimaliza. Lakini neno langu ni lile lile. Sitakuja kwa kuhurumiwa. Nionyeshe ua.

Shangazi yako,
Griet


Bundaberg
23 Agosti 1992

SHANGAZI!

Zimechanua! Shikamoo, u hali gani, mimi mzima, zimechanua!

Alhamisi nilitoka na chai yangu, nikaona wekundu kwenye tuta. Nikadhani ni kopo la bia la Darryl. Nikasogea. Shangazi, zimesimama wima kama ulivyotaka, shina mpaka karibu na goti, mistari ya njano ile ile ya baba. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande na nguo ya kulalia nikamwita Darryl. Alipofika na yeye akakaa.

Jana yake walichoma shamba la miwa ng'ambo ya barabara, majivu meusi yakatuangukia usiku kucha. Nimezifuta petali moja moja kwa brashi ya rangi ya maji. Mtaa mzima umepita. Clive alivua kofia akaziomba radhi, eti kwa niaba ya tumbo lake. Bi Pascoe alizunguka tuta, akainama, akavuta shina moja kuhakikisha lina mizizi! Kisha akasema, "Haya. Vikombe viko wapi?" Nikamkumbatia, hakutarajia.

Picha hiyo hapo. Baridi moja zaidi usiingoje. Njoo, Shangazi. Nakuomba.

Mwanao,
Janneke


Wynyard
2 Septemba 1992

Mwanangu Janneke,

Mimi sijambo, nimetoka hospitali. Picha nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, maana nakujua, ungeweza kununua maua dukani ukayachomeka. Majani nimeyaona, madoa ya majivu nimeyaona. Ni zenyewe. Nimemwonyesha kila nesi, na mmoja nimemwonyesha mara mbili.

Unajua, joto sikuliogopa hata siku moja. Niliogopa kuja kuwa kikongwe wa kuwekwa kibarazani, napewa chai, naulizwa kama nimelala vizuri. Sasa nimeona kazi. Maua yako mazuri, lakini umeyapanda yamebanana kama watu kwenye foleni, na tuta linaelekea upande usiofaa. Mwakani napanda mimi, wewe utachota maji.

Nyumba imepata mtu, kuku wamechukuliwa na jirani. Ndege inatua Bundaberg Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Usinijibu barua hii, mwanangu. Huku hakuna tena mtu wa kuipokea.

Shangazi yako,
Griet