Usiulize Bwana Yake

Mujukuu wangu Mireille,

Hapa Kampemba tuko wazima, ila magoti yangu inalalamika kila asubui. Kambo mwanaume, bwana yangu, anakusalimia. Angali anatengeneza redio ambayo ilikuwa nzima mbele aiguse.

Unauliza kama uende kwanza kwa bwana ya jirani yako kiziwi, akuelezee sababu gani bibi yake iko na alama kwenye mikono. Ah, mutoto! Umerithi ujinga yangu yote.

Dada yangu Astrida, kiziwi, alitoka kwa bwana yake akarudi kwetu na alama vile vile, wakati nilikuwa kijana. Baba mukubwa akakusanya famille. Na nani akatafsiri mikono ya Astrida? Bwana yake! Kwetu, mwenye kuishi na kiziwi ndiye musemaji wake.

"Anasema alianguka kwenye ngazi," bwana akasema. "Anaomba pardon."

Nyumba yao haikuwa hata na ngazi moja! Na miye, mwenye kulala naye kitanda moja tangu utoto, mwenye kujua mikono yake yote, nilikuwa napitisha chai.

Astrida akaniondolea birika, akaiweka chini, akagonga mudomo yangu na kidole.

"Baba mukubwa," nikasema, "hasemi vile. Anasema bwana anamupiga, kisha anamufungia na funguo. Hataki kurudi."

Hakurudi. Sasa anashona nguo kule Makomeno, na angali ananigombeza na mikono yote miwili.

Basi, uende kwa jirani mwenyewe, bwana akiwa kazini. Umupe karatasi na bic ya kuandikia, umuulize anataka nini. Na ukijikuta umeshika birika, uiweke chini.

Kambo yako,
Bernadette