Mimba Iliyotuliza Mikono Yako

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Tangu asubuhi siwezi kukaa kitini. Nimebandika chai ikakaukia jikoni, nimewagombeza vijana wa maabara kwa kosa ambalo sasa hata silikumbuki. Jana Kabula alinipigia simu kutoka Runzewe, na tangu hapo roho haitulii. Kitindamimba wako ni mjamzito, Mama, na ugonjwa wako anao.

Unaikumbuka Nyarugusu yetu ya miaka ya tisini? Baba akishinda shimoni kutafuta dhahabu, wewe na wanawake wenzako mkiponda mawe juu. Asubuhi vidole vyako vilivimba na kukakamaa, hata kifungo cha sketi yangu ya shule hukuweza kukifunga. Lakini ukishika mimba, uvimbe ulinywea, nawe ukachukua nyundo. Jirani yetu Mama Kulwa hakupita bila neno.

"Mwangaluka, Mama Mbuke! Wenzio wakiwa na mimba wanapumzika, wewe ndiyo kwanza unavunja mawe?"

"Niache nifaidi. Huyu akitoka, narudi kuwa gogo."

Mlicheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana nilijua akitoka nani atachota maji.

Akatoka Kabula. Baada ya wiki chache mikono ikafunga kuliko wakati wowote. Nilikuletea mtoto anyonye, ukageukia ukutani. "Mtoe huyu. Ndiye aliyenirudishia maumivu." Nikamfunga mgongoni nikaenda naye kisimani. Maneno yale sijamwambia mtu, lakini Kabula amekua akijua kwamba mgongo uliomlea ni wangu. "Mama hakunipenda," huwa anasema, kama anayetaja bei ya chumvi.

Ulipokuja kunitembelea shuleni Shinyanga, tulimwona daktari mmoja mjini. Akasema ni baridi yabisi: kinga ya mwili wako inavishambulia viungo vyako yenyewe. Ulitoka hujamwelewa, tukaenda stendi. Nikajaribu kukueleza kwa mfano wa sungusungu, walinzi wa kijiji walioacha kuwafukuza wezi wa ng'ombe wakaanza kuwapiga wenye nyumba. Hapo ukanielewa, ukaniuliza swali ambalo limeniajiri maisha yangu yote.

"Sasa nikiwa na mimba, nani anawaambia washushe pinde?"

Nimewatafuta hao, Mama. Naweza hata kukutajia majina ya baadhi yao: estrojeni, projesteroni, kotisoli. Ni homoni, wajumbe wanaosafiri kwenye damu. Mimba inazipandisha, mtoto akizaliwa zinashuka ghafla, na sungusungu wanarudi kazini. Lakini mbona mwanamke mmoja hupata nafuu, na mwingine haambulii kitu? Kila nikidhani nimeshika jibu, linaniponyoka. Nimesoma matokeo ya utafiti wangu kwenye kumbi zenye viyoyozi, wakanipigia makofi, nikarudi hotelini nimenuna. Wanapongeza nini? Hakuna kidonge nilichokuletea. Ulikufa vidole vimepinda, na mimi na shahada zangu nimekaa pembeni nakupepea. Hilo linanichoma mpaka leo.

Sasa jana nasikia: "Dada, nimepona! Leo nimefua mashuka mwenyewe!" Alikuwa anacheka, nami nikatamani simu ikatike. Ningenyamaza, angepata miezi yake ya furaha. Lakini kujifungua kungemkuta hana dawa wala msaidizi. Nikamwambia yote: kwamba hajapona, ni mimba, kwamba akishajifungua maumivu yanaweza kurudi, pengine makali zaidi, kwamba siku hizi dawa zipo, aje tumwone mtaalamu mapema. Nikamweleza pia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, kila uzazi.

Kicheko cha Kabula kilikatika, nikajua nimemvunja moyo. Nikaanza kujitetea, mara homoni, mara dawa mpya. Akanikatiza.

"Dada, kwa hiyo Mama ilikuwa mikono tu? Alitaka kunibeba?"

Mama, mimi ni mtu wa ushahidi. Mwanafunzi akiniletea jibu asiloweza kulithibitisha, namrudishia karatasi yake. Na katika hili ushahidi pekee nilionao unasema kinyume, tena umetoka kinywani mwako. Ungekuwa hai ningekuuliza wewe kwanza.

"Alitaka sana," nikamjibu, hata sikusita. Nikamsikia analia.

Kama ni kweli, pumzika kwa amani. Kama ni uongo, nisamehe tu, maana nitaendelea kuusema.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Mbuke