Kisu Ulikuwa Nacho Wewe

Kwako Baba Zuhura, mwenzangu wa jando moja,

Kwanza ujue kwamba huku Newala hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Tangu uondoke, mto Ruvuma umenifungulia milango yote. Nikishuka bondeni, kambale wanapanga foleni kama wakulima siku ya mnada wa korosho, kila mmoja anataka apimwe yeye kwanza. Juzi nimepandisha mmoja, kichwa kimeshaingia jikoni kwa Mama Shabani, mkia bado unapanda mlima. Na mtu wa kunitazamia maji nimepata mwingine, makini, macho kama kipanga. Kwa hiyo usije ukadhani nakuandikia kwa sababu ya upweke.

Nakuandikia kwa sababu ya ule uzi.

Na ninaandika wazi, asome anayetaka, kwa kuwa simu yangu hupokei, na salamu ninazowapa madereva wakuletee zinarudi kama zilivyokwenda. Mwandiko utauvumilia. Shule unajua nilivyoisoma, niliingia kwa mlango nikatokea dirishani. Lakini dunia nimeisoma, bwana. Nimekaa Dar, nimekaa Mtwara, nimevuka Msumbiji nikarudi na Kireno cha kuombea maji ya kunywa. Watu wa aina zote nimekutana nao. Sikujua tu kwamba wa aina ile nililala naye mkeka mmoja jandoni.

Unakumbuka siku tulipokwenda Masasi kuununua? Lile duka la spea za baiskeli, lenye ndoana zimetundikwa mlangoni. Tulimwamkia yule mama, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, wanangu, mnatokea wapi?" Mimi nikajitanua kifua.

"Newala, mama. Nipe mshipi wa kusuka, ule wa mabaharia wenyewe. Nailoni tumeshaiaga."

"Mabaharia wa Newala!" akasema. "Maji ya kuoga mnanunua kwa ndoo, samaki mnawajulia wapi?"

Wewe ulicheka mpaka ukashika kaunta. Yule mama akatoa vibonge viwili. Kimoja kimesukwa kwa nyuzi nane nyembamba, laini kama nywele za bibi arusi. Kingine kwa nyuzi nne nene, ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo. Mimi nikadaka cha nyuzi nane, unanijua navyopenda vitu vya kung'aa. Ukaninyang'anya.

"Baba Shabani, sisi tunavulia kwenye mawe. Huu laini utaliwa na jiwe kabla samaki hajaamka. Tuchukue wenye nyuzi nene."

Haya, nikakubali. Nikataka basi tuchukue mnene kabisa, wa kufungia ng'ombe. Yule mama akasema wa kusuka huuchagui kwa kuutazama unene, unasoma nguvu iliyoandikwa pale kwenye kibonge, maana mwembamba kama uzi wa cherehani unabeba mzigo wa nailoni nene mara mbili tatu. Ikabaki rangi. Mimi nilisema kijani, samaki asiuone. Wewe ulisema njano.

"Kijani kitanipotea majini. Nikitazama maji nataka nione uzi wako umezama wapi."

Maneno hayo niliyapenda. Nilirudi nayo njia nzima. Nilijiona nina mwenzangu kwelikweli, mtu anayechagua rangi ya uzi kwa ajili ya shingo yangu.

Wasomaji wengine hawajui, acha niwaeleze. Kule mtoni hakuna anayevua peke yake. Mmoja anavua, mwenzake anatazama maji kwa ajili ya mamba. Anayetazama hashiki uzi, hakai chini, simu ikilia inajililia yenyewe. Na samaki ni wenu nyote wawili, nusu kwa nusu, hata kama mtazamaji hakulowa unyayo. Ukimwona mtu amesimama tu kwenye jiwe na mikono nyuma, usimwite mvivu. Huyo ndiye mlango wa nyumba.

Zamani za nailoni mtazamaji alikuwa na kazi ya kupiga kelele tu. Mamba akidaka samaki wako, nailoni inavutika, inavutika, tap, imekatika. Unapoteza ndoana, unatukana kidogo, unarudi kwa mkeo. Uzi wa kusuka haunyumbuki na haukatiki. Ndiyo sifa yake, samaki akigusa chambo tu unasikia kidoleni kama mtu amekukonyeza. Ndiyo na balaa lake. Mamba akidaka, uzi hauachii. Anavuta samaki, na samaki amekushika wewe.

Hilo tulilizungumza siku ileile njiani, pale Lulindi, tulipokaa kwenye kivuli cha duka tukisubiri pikipiki izibwe pancha, tunakula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Wewe ndiye uliyeleta shauri.

"Anayetazama maji ashike na kisu. Mamba akidaka mimi sikuulizi, nakata tu. Hata kama ni samaki wa arusi ya Shabani."

"Kata," nikakwambia. "Kata hata kidole ukitaka, mradi nirudi."

Tukacheka. Ukanipa mkono kabisa, kana kwamba tunauziana shamba.

Uzi ule ulitufundisha adabu, au siyo? Siku ya kwanza tuliuzungushia kwenye chupa tupu kama tulivyozoea nailoni, samaki akavuta, uzi wote ukazunguka wenyewe kwenye chupa kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Ndipo tukavalisha chupa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uzi ukapata pa kung'ang'ania. Siku ya pili uzi ukanichana vidole. Mwembamba ule ni wembe! Tukakata mpira huohuo tukavisha vidole, tukawa kama mafundi wa kushona viatu. Tena tukaona mawe yanautafuna mwishoni, tukawa kila tukishuka mtoni tunakata kipande kilicholiwa na kufunga ndoana upya.

Na fundo! Mimi nilifunga fundo la gunia la korosho. Mkono wangu unajua hilo tu, tangu utoto nimefunga magunia. Kwenye kamba ya katani linashika mpaka siku ya kiama. Kwenye uzi wa kusuka lilikuwa linateleza kama mlenda. Ile mara ya kwanza kambale aliondoka na ndoana, ukanisema mpaka tukafika nyumbani.

"Wenzetu wanavua samaki, wewe unafunga korosho!"

Nikaenda kutafuta kwenye simu, nikakuletea fundo lenyewe. Kunja uzi uwe miwili, pitisha kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida, kisha ndoana yote ipite ndani ya kitanzi, temea mate, vuta polepole. Ulilijua kwa mara moja. Mimi nilikuwa nasahau mate, au navuta kwa haraka uzi unapata moto. Mwishowe ukasema, "Leta hapa, mikono yako ni ya jembe." Tangu siku hiyo mafundo yote ulifunga wewe. Yangu na yako. Nilikuwa nakunyooshea ndoana kama mtoto anayenyoosha mguu avalishwe kiatu.

Halafu ukaleta wageni.

Sikukukasirikia kwa hilo, na Mungu anajua. Wageni ni watu wazuri. Walikuja na gari na fimbo zao ndefu za kuvulia, wakataka mahali penye kambale, ukawaonyesha petu. Ungeniambia kwanza, lakini haya. Niliwachekesha, niliwasimulia Msumbiji, niliwaonyesha hata mpira wetu wa vidoleni. Ikafika zamu yangu ya kuvua. Nikakunyooshea ndoana unifungie. Ulikuwa unawapangia viti. Ukasema, "Jifungie leo, nakuja." Nikajifungia. Fundo la gunia.

Ulikuja. Ulisimama kwenye jiwe lako, kisu mkononi, nilikuona kwa macho yangu mwenyewe. Nikageukia mto na roho yangu nyeupe. Kambale akala, mkubwa, mzito, nikaviringisha uzi kiganjani nipate nguvu ya kumpandisha. Wewe na mimi tumefanya hivyo kila siku. Mtu anaviringisha uzi mkononi kwa sababu anajua nyuma yake kuna kisu.

Maji yakapanda kama sufuria linafurika. Sikumwona mamba, niliona mgongo. Uzi ukakaza, ukaingia kwenye nyama ya kiganja, nikavutwa mpaka magotini. Nikaita.

"Kata! Baba Zuhura, kata!"

Nikageuza shingo. Jiwe lako halina mtu.

Ulikuwa kule juu mchangani. Mgeni mmoja alikuwa ameshika samaki, wewe umemkumbatia bega mnapigwa picha, na kisu chetu umekiinua juu kama mkuki. Nilikiona kikimetameta. Nikaita jina lako la jandoni, lile ambalo tumeapa tusilitamke mbele ya watu. Nililitamka.

Maji yalinifika kiunoni. Kisha uzi ukaachia ghafla, nikaangukia mgongo. Fundo la gunia, Baba Zuhura. Lile ulilonicheka. Ndilo lililoniachia niende kwangu.

Mkono ulipona vibaya, vidole viwili havikunji, lakini hayo ni ya mkono. Nakuuliza la pili. Mlipokuja mbio, mgeni akauliza huyu ni nani, amepatwa na nini. Nilikuwa nimekaa kwenye matope, damu inatiririka, nakutazama wewe ujibu. Ukajibu.

"Huyu ni wa kubeba ndoo tu. Nilishamkataza asishike uzi."

Wa kubeba ndoo. Mimi.

Ukapanda gari nao. Waliniacha kwa dereva wa bodaboda kule juu, nikapanda mlima bila mwenzangu, na kanga ya Mama Shabani niliyokuja nimefungia chakula imefungwa kiganjani. Nikasema moyoni, ameona aibu mbele ya wageni, kesho atakuja. Mama Shabani alifagia uwanja. Watu wakaja kunipa pole, mpaka wa Tandahimba, mpaka mzee nisiyesalimiana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mkeo akaja na muhogo, akakaa na mke wangu kutwa nzima. Wewe hukuja. Kwetu huku hata adui anakuja kusema pole, halafu anaendelea na uadui wake kesho yake.

Nami nilikufichia. Kila aliyeuliza nilimwambia ni ujinga wangu, nimevulia pabaya peke yangu. Walinicheka kilabuni na msikitini, nikacheka nao, nikaongeza chumvi. Mkeo mpaka leo hajui kwamba mtoni tulikwenda wote. Nilisema acha heshima yake ibaki, siku akirudi atakuta nyumba yake haijabomoka.

Sasa nasikia uko Mtwara, unawapeleka wageni kuvua, na unawasimulia. Eti siku moja Ruvuma mamba alimdaka mbeba ndoo wako, ukaruka majini na kisu mdomoni, ukakata uzi, ukamwokoa. Aliyenieleza alikuwa anakusifu. "Una rafiki simba," akaniambia. Nikamkaribisha chai.

Basi sikiliza, na wageni wako wasikilize. Uzi wa kusuka ukikatwa na kisu, ncha yake inabaki imenyooka, nyuzi zimekaa sawasawa kama nywele zilizopita kwenye mkasi. Ukikatwa na jiwe unakuwa na manyoya. Ukiachia fundoni, ncha inajikunja, inabaki imejiviringa kama nywele za mtoto mchanga. Wa kwangu upo kwenye chupa yake, umejikunja. Aje mtu yeyote auone, atakaribishwa kwa ugali. Wewe hukukata kitu. Ungekata, hata kama kisu kingepita kwenye kidole changu, ningekuwa nakupikia kuku kila mwaka.

Sitaki samahani ya simu. Wala sitaki uniletee kibonge kingine cha uzi. Nataka uje, ukae uwanjani kwangu mchana watu wakiona, useme mbele ya mkeo na wangu, "Sikuwepo." Neno hilo moja tu, kwamba pale jiweni hukuwepo. Ukishalisema, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuleta utani, unanijua, nitacheka mpaka uchoke. Lakini ulitamke wewe. Mimi nimeshakutamkia uongo wa kutosha.

Wasalimie hao unaowapeleka. Mama Shabani anakusalimu, ingawa alivyosema hasa siwezi kuandika. Zuhura ameota meno.

Na hayo ya kambale na foleni niliyoyaandika kule juu ni uongo mtupu. Sina mtu wa kunitazamia maji, na tangu siku ile sijashuka mtoni.

Ni mimi, mwenzako wa mkeka mmoja,
Baba Shabani