Tante na Tuta la Kaka Yake

Tante, shangazi yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Gihundwe, kwenye meza uliyokuwa ukikatia vitambaa. Usinicheke. Najua ungekuwa hapa ungeniambia niache kuharibu karatasi, nipige magoti. Magoti nimepiga, lakini bado nina habari ya kaka yako, yaani Papa, baba yangu, na moyo wangu hautulii mpaka nikusimulie, hata kama umeshafika mahali ambapo barua hazifiki.

Unakumbuka ulivyonichukua kwake Muganza ili nisome shule za mjini? Nilikulia kwenye vipande vya vitenge vilivyokuwa vikidondoka kutoka meza hii. Jumamosi ulikuwa unafunga kazi mapema, unavaa kitenge kisicho na uzi hata mmoja unaoning'inia, unanishika mkono tunakwenda soko la Kamembe kuhubiri. Wahubiri wengine walikuja na vipaza sauti vya kutoboa masikio. Wewe ulikuja na swali moja. Ulichuchumaa karibu na wamama waliovuka mpaka asubuhi kutoka Bukavu, ukapanga nao nyanya kidogo, halafu ukauliza: "Maman, weye ukijitazama, uko muntu muzuri?"

Nani angesema hapana? Wote walikuwa wazuri. Basi ulikuwa unazichukua amri za Mungu moja moja, polepole, kama unavyotoa pini kwenye gauni la mteja ili usimchome.

"Umeshasemaka uongo?"

"Ya kidogo, Maman. Ku soko bila uongo utakula nini?"

"Na muntu mwenye anasemaka uongo, banamuitaka nani?"

Hapo kicheko kilikuwa kinalipuka meza nzima, na wewe ulikuwa unacheka nao. Kisha ulikuwa unasema, "Miye pia ilinishikaka pale pale," na kuwaeleza jinsi ulivyokuwa ukimwambia mteja nguo iko tayari wakati hata kitambaa hujakigusa. Nadhani ndiyo maana hawakukufukuza. Ulijihukumu kwanza, hadharani, na ukabaki umechuchumaa. Kicheko kikipungua, mmoja alikuwa ananyamaza akitazama nyanya zake, na wewe uliweza kumwona yule aliyenyamaza katika kundi zima. Huyo ndiye uliyemwambia habari za msalaba.

Nikiwa msichana mkubwa nilikubishia sana. Nilisema watu wana shida za kutosha, kwa nini usianze na upendo wa Mungu? Ulikuwa na pini mdomoni, ukazitoa bila haraka. "Muntu mwenye anaonaka kama hana kosa, ukimuambia Yesu alimufia, atakuuliza: alinifia ya nini? Atasema aksanti, ataenda zake." Nikanuna. Nilikuona mkali.

Mpaka siku ile alipokuja dada mmoja kupunguziwa gauni, akaanza kulia kabla hujampima. Alikuwa amemwacha mume na mtoto Bukavu akamfuata mwanamume mwingine, na yule mwanamume alikuwa amemchoka. Nikakaza roho nikijua sasa amri zinakuja, tena ile ya uzinzi itatangulia. Uliweka mkasi chini. Hukutaja amri hata moja. Ulimwambia habari za msamaha mpaka chai ikapoa kwenye vikombe, na alipoondoka nikakuuliza umesahau nini leo. "Huyu sheria imeshamufikia," ukasema. "Miye nimuongezee ya nini?" Tante, nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, na bado sijakutana na mtu aliyejua kama wewe ni nani wa kuamshwa na ni nani wa kukumbatiwa.

Ndiyo maana Jumapili ile ya Muganza iliniuma vile.

Tulikwenda kumsalimia Papa. Kaka yako, unamjua, hakuna aliyemsema vibaya. Ndiye aliyeitwa kuomba kwenye misiba. Akivuna ndizi, mpita njia hakosi. Hata madereva wa malori ya saruji walikuwa wakimpigia honi ya heshima. Njiani uliwaona watu kwenye mashamba ya mpunga wakivuta kamba kati ya vijiti viwili ili wajenge tuta la kuzuia maji lililonyooka, na wewe mtu wa cherehani ukafurahi kama umeona kitu kipya dukani. Ukasimama kuwatazama mpaka nikakuvuta.

Mezani, wali na samaki wadogo wa sambaza bado vinatoa moshi, ukamuuliza kaka yako lile swali lako.

"Dada, miye siko sawa bale ba soko," akasema. "Sijaua muntu. Sijakamata kitu ya muntu. Mungu ananijua."

Ukamwambia habari ya kamba. Ukasema sheria ya Mungu ni kamba ile tuliyoiona shambani. Hainyooshi tuta, inakuonyesha tu limepindia wapi. Kila mtu huona tuta lake limenyooka mpaka siku kamba itakapopita juu yake. Uliongea kwa upole, ukimjazia sahani. Mimi nilikuwa natazama uso wa Papa, na niliuona ukibadilika.

"Nani njo alikutuma?"

Na wewe, kwa unyenyekevu wako wote, ukamwita kaka mkubwa, ukamjibu, "Mungu njo alinituma, yaya."

Ni kama ulimwaga petroli. Papa aliwaka, akasimama, akasema hajajenga nyumba ili mdogo wake aje kumhukumu ndani yake. Akafungua mlango. Hatukumaliza hata sahani. Nilidhani ni kiburi cha kaka mkubwa, na damu ilinichemka njia nzima. Wewe ulikuwa unalia, lakini si kwa aibu. "Sikufika ku Yesu," ulirudia. "Alinifukuza mbele sijafika ku Yesu. Nimemuachia sheria tupu mu mikono."

Ulimwombea kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani. Uliugua, na hata kitandani jina lake lilikuwa mdomoni mwako. Ujumbe nilimpelekea, naye alijibu kwamba atakuja mvua ikipungua. Alikuja kwenye mazishi. Alisimama nyuma kabisa, na walipomwomba aombe, alitikisa kichwa. Watu walisema ni uchungu.

Sasa sikiliza.

Shamba la Papa la mpunga linapakana na la mjane mmoja, Maman Furaha. Kati yao kuna tuta. Kila msimu, kabla ya kupanda, tuta husafishwa: unachonga majani na udongo wa upande wako kwa jembe, unakandika matope upande wa pili ili lisivujishe maji. Ni kazi ya heshima, jirani mwema humfanyia mwenzake bila kuombwa. Lakini ukichonga ndani kidogo zaidi upande wako, na kukandika kidogo zaidi upande wake, tuta linatembea. Hakuna anayeliona likitembea. Tangu mume wa Maman Furaha afariki, Papa ndiye aliyekuwa "akimsaidia" mjane kusafisha tuta, na watu wakamsifu.

Umeelewa, Tante? Ulimtolea mfano wa kamba na tuta bila kujua lolote. Papa aliamini yule mjane amekuja kwako na kumshtaki, na wewe umekuja kumwumbua mezani pake.

Msimu huu, wakati wa kutayarisha mashamba, maneno yako ya kamba yakiwa bado yanamchoma, Papa aliwaita majirani wa mashamba yote ya karibu. Alifunga kamba kwenye mlango wa saruji wa mfereji, akaivuta mpaka kwenye jiwe la zamani la mpaka huko mwisho. Watu wakaona wenyewe. Tuta lilikuwa limevimba kuingia kwa mjane kama tumbo. Wengine walidhani serikali imemlazimisha. Papa akashika jembe, akalibomoa lote mbele yao, akalijenga upya chini ya kamba. Alipomaliza akamgeukia Maman Furaha na matope mpaka magotini.

"Pardon, Maman. Nilikuibia."

"Nilikuwa najua, Papa," akasema mjane. "Ningesemea wapi? Batu bote banasema weye uko muntu ya Mungu."

Papa akamuuliza alimwambia dada yake lini. Maman Furaha akashangaa. "Dada yako? Ule wa Kamembe? Hata salamu hatukupeanaka."

Wanasema Papa aliketi palepale kwenye matope.

Kesho yake alifika hapa kwa moto, ile pikipiki ya abiria, amebeba mchele begani kama mgeni anayeogopa kufika mikono mitupu. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akanieleza yote, hakujipunguzia hata kidogo. "Ile siku nilijua ni muntu alimutuma," akasema. "Kumbe ni Mungu kweli." Kisha akaniuliza, "Tuta nimerudisha. Njo inatosha?"

Tante, nilitaka kusema ndiyo. Ni baba yangu, amezeeka. Ingekuwa rahisi sana kumwambia inatosha, Papa, Mungu ameona, kunywa chai. Mtu yeyote mwenye huruma angesema hivyo, na angemrudisha nyumbani akiwa mtu mzuri kuliko alivyokuja. Niliogopa nikisema neno lingine atasimama tena na kufungua mlango, na safari hii hakuna atakayebaki wa kumfuata.

Nikasema, "Haitoshi, Papa."

Hakusimama. Akasema, "Hata miye naona haitoshi. Nikilala ninaona matuta mengine, yale yenye batu hawayaoni. Dada alikuwa anataka kusema nini nyuma ya ile maneno ya kamba? Weye uliishi naye. Unimalizie."

Basi nikakumalizia. Sikuwa na ufundi wako. Nilimwambia kwamba yuko Mmoja ambaye kamba ya Mungu ilipita juu ya maisha yake yote na haikukuta palipopinda. Na huyo ndiye aliyehukumiwa kama mwizi, katikati ya wezi, ili mwizi aitwe mwenye haki. Nikamwambia hakuna tuta atakalojenga kuongezea hapo, apokee tu. Nilitamani uwe umekaa nasi unisahihishe.

Unajua sala za Papa, jinsi zilivyokuwa ndefu, zimejaa majina ya heshima ya Mungu. Hii ilikuwa fupi. "Bwana, miye niko mwizi. Sina kitu ingine ya kusema. Unihurumie kwa sababu ya Yesu." Akalia kama wanavyolia wazee wasiojua kulia, na mimi nikalia naye, kwa furaha, Tante, nasema wazi, kwa furaha.

Watu watazidi kuniambia njia yako ilikuwa ngumu. Nitawaambia wamuulize kaka yako. Hakuna aliyempenda Papa kama wewe. Sisi wengine wote tulimsifu tu mpaka tukakaribia kumpoteza.

Jioni alipokuwa anatoka, alisimama mlangoni akauliza, bila kunitazama: "Siku nitamuona Dada, nitaanza kumuambia nini?"

Alisema "nitamuona" kama anavyosema atarudi Muganza kesho. Hilo nimewaachia nyinyi wawili.

Pumzika, Tante. Nakupenda.

Binti wa kaka yako