Kuku Hawahesabiwi, Mwenye Pesa Anataka Idadi

Mpendwa Shangazi Phoebe, naomba unishike mkono kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mayoni, na nikisema ukweli nyumbani sina shida, mume wangu Clifford ananipenda, mama mkwe ananipenda kumshinda yeye, na ndiye aliyenipa kuku wawili wa kienyeji nilipoolewa, wakazaana mpaka sasa uwanja wote ni kuku, hoteli mbili za Lurambi zinachukua mayai yangu na bado zinalia hayatoshi, basi nikatafuta mtu wa kuingia naye ubia tununue mashine ya kuangulia vifaranga, nikampata Bwana Kipkemboi, akaniambia nimwandikie mpango wa biashara, nami nikaandika kurasa saba kwa mkono nikieleza Mungu alivyonitoa mbali, lakini kufika pale pa idadi ya kuku mama mkwe, aliyekuwa kando yangu akichambua mboga, aliishika kalamu yangu akasema, "Jael, vitu viko na pumzi havihesabiwangi! Unataka waishe?" Nikaandika tu, "Kuku ni wengi, Mungu ni mwema." Bwana Kipkemboi alisoma akaniuliza, "Mama, huu ni mpango ama ni ushuhuda wa kanisa?" Amenipa mpaka Ijumaa nilete mwingine. Nikihesabu nitamvunja moyo mama aliyenianzishia kazi, nisipohesabu mashine imeenda. Nifanye nini?

Jael, Mayoni

Shangazi Phoebe anajibu:

Jael mwanangu, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Usimwambie mama mkwe kwamba umenitajia watoto wako ni watatu.

Sasa nikugombeze. Kurasa saba! Bwana Kipkemboi hakuja kuokoka, anatafuta mahali pa kuweka pesa yake, na umemficha jambo zuri kuliko yote, kwamba una wanunuzi wanaokulilia. Hilo liwe mstari wa kwanza. Kurasa mbili zinatosha. Andika hoteli hizo zinachukua trei ngapi za mayai kwa wiki na zinaomba ngapi zaidi, mashine ni bei gani, yeye atatoa nini, wewe utatoa nini, na fungu lake ataanza kulipata lini. Ule ugonjwa unaofagia kuku usiufiche, anajua upo. Mwambie unachanja lini na nani anakuchanjia. Mtu akiona umetaja hasara mwenyewe, hata faida yako ataiamini.

Mama mkwe usimguse. Yeye ndiye mwekezaji wako wa kwanza, na hakukuomba hata ukurasa mmoja. Kuku wana pumzi, sawa. Trei ina pumzi? Hesabu trei, mwanangu. Hesabu viota na magunia ya chakula. Mwenye akili akiyaona hayo atajua kuku wako ni wengi kiasi gani, na wewe hutakuwa umemhesabu hata mmoja.

Tena Ijumaa usibebe karatasi kwenda mjini. Mwalike Bwana Kipkemboi hapo Mayoni, ale obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa kienyeji, ashibe, kisha mama mkwe mwenyewe amtembeze uwanjani na kumwonyesha kuku wake. Bwana huyo akizidi kudai idadi, usibishane naye. Muulize kwa upole ng'ombe wa babake ni wangapi. Kwao nao ng'ombe hawahesabiwi, nina hakika atakujibu, "Wako tu." Chekeni pamoja, halafu umpe kalamu atie sahihi.