Mwende Hakulala, Alisinzia

Changamwe,
Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano. Niliondoka nyumbani baada ya Krismasi na sijarudi tena.

Kwako Mama Mwende,

Habari za hapo nyumbani? Magoti ya mama yamepoa, au baridi imeyarudishia maumivu? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na magunia ya mbolea. Mwende naye mzima, anakula vizuri, na barua hii anaibeba mwenyewe akirudi huko kwako, maana kwenye simu tukifika kwa habari ya kichwa chake tunaishia kugombana.

Nikueleze alivyopimwa hapa, ingawa sijaelewa yote. Daktari alisema mtoto aletwe asubuhi, nywele zimefumuliwa, hazina mafuta, na usiku asilale. Mimi nilikuwa na zamu ya usiku ghalani, nikamwacha kwa mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, mama mzaliwa wa hapa Mombasa. Nikamsihi mtoto asilale. Niliporudi nikamkuta Mwende macho maangavu, hana uchovu wowote. Bi Zuhura akatusindikiza hospitali, na walipouliza, akajibu yeye:

"Wallahi hakulala. Ubavu wake haukugusa kitanda. Alisinzia tu hapa mapajani mwangu mpaka adhana ya alfajiri."

Kumbe kwake kulala ni kujinyoosha. Mpimaji alicheka mpaka akatafuta kiti.

Hata hivyo walimbandika nyaya kichwani, wakamwambia apulize kwa nguvu kama anayewasha kuni mbichi. Akapuliza, akapuliza, kisha kimya, macho wazi, vile unavyomjua. Mpimaji akamwita, hakuitika. Kwenye kioo cha mashine, mistari iliyokuwa midogo ikaanza kuruka juu chini, juu chini, kwa mpigo mmoja, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Halafu ikatulia, na Mwende akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari akaitazama ile mistari, akasema ni umeme wa ubongo. Nikauliza huo umeme ulimwingiaje, au alishika waya. Daktari akasema umeme huo sote tunao, hata mimi. Eti katikati ya ubongo kuna sehemu iliyo kama lango. Mtu akishikwa na usingizi, vijichembe vya pale hupiga pamoja kwa mdundo, na lango likafungia nje kelele za dunia. Ndiyo maana nalala na malori yanapita dirishani. Kwa Mwende, mdundo unaofanana na huo unamjia mchana akiwa macho, kwa muda mfupi.

"Basi huwa analala wima?" nikauliza.

Akasema hapana, si usingizi, ni aina ya kifafa. Hapo nikapotea kabisa. Kifafa nilichokijua ni cha kuanguka na kutoa povu. Na kama si usingizi, mbona mdundo ni kama wa usingizi? Akanichorea kwenye karatasi. Nimeutazama mchoro ule mara nyingi, bado naona matuta ya viazi tu.

Nililoelewa ni hili. Si ukaidi, kwa hiyo mwalimu asimchape tena kwa kuzubaa. Dawa anywe asubuhi na jioni bila kuruka. Asiende mtoni peke yake. Na kukosa usingizi kunakiamsha kile kitu. Ndiyo sababu walitaka afike kwao hajalala. Sasa wewe umemwahidi mchungaji kwamba Ijumaa hii Mwende atakesha kanisani, wamzunguke na kumwombea. Mimi pia naomba, unajua. Lakini akizubaa mbele yao usiku ule, watasema pepo limejitokeza, na dawa zitatupwa. Mwambie mchungaji waombe mchana. Au waombe huo usiku, yeye akiwa kitandani kwake.

Nisalimie mama, na kaka yako Musyoka anayetulimia shamba, na dada yangu wa kwaya, ambaye najua ndiye atakayekukasirikia zaidi ukikataa mkesha.

Nitakuja mwezi wa nane, shule zikifungwa. Ijumaa siwezi kufika. Watu wa kanisa watakapokuja kumchukua, atakayesimama mlangoni ni wewe peke yako.

Mumeo,
Mutua