Wiki Moja ya Kigamboni

S.L.P. 48,
Newala.
9 Agosti 2024

Mpendwa kaka Lameck, Baba Regina,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta wewe, wifi Isabela na Regina mkiwa wazima, na kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya huko Kanada kimepona. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mikorosho imeanza kutoa maua na upepo wa huku juu unatukausha midomo kama kawaida yake. Kaka, nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Uliniomba nikueleze tulivyoiona ile hoteli ya ufukweni kule Kigamboni kabla hujatia sahihi. Basi kaa chini usome, mazuri na mabaya.

Kwanza asante kwa zile siku za majaribio ulizotupatia. Pazuri, sisemi uongo. Maji yanatoka bombani kutwa nzima! Mimi mtu wa Newala, niliyezoea kuchungulia tangi kabla ya kuoga, nilioga mara tatu kwa siku kwa ulafi tu. Dada wa mauzo, anaitwa Mwanasha, alitueleza kwa upole kwamba ukinunua, chumba kinakuwa chako wiki moja kila mwaka, na wiki zilizobaki ni za wengine. Ukichoka na Kigamboni, unabadilishana na mwenye wiki yake nchi nyingine.

Mama alisikia chumba kina wenyewe wengi, akaamua kwamba hao ni ndugu. Unajua kwetu huwezi kulala nyumba moja na watu, hata kama ni kwa zamu, halafu usiamkiane nao. Siku ya kuondoka akafagia chumba chote, akawawekea wanaofuata korosho alizobangua mwenyewe na makopa ya muhogo, kisha akakaa mlangoni na mkoba wake akiwasubiri.

“Nitaondokaje bila kuwasalimu? Tuna nyumba moja,” akasema.

Mwanasha akamwambia, “Bibi, hapa wageni hawajuani.”

“Sasa mwanangu ananunua nini?”

Yule dada akacheka tu. Tulimwondoa Mama kwa kumbembeleza, na mfanyakazi mmoja akatukimbilia na zile korosho akidhani tumezisahau.

Kaka, jambo lako nimelipima. Ungekuwa mtu wa kuzunguka dunia, mwenye likizo anazopanga mwenyewe, ningesema nunua. Lakini ada ya matunzo unalipa kila mwaka, uende usiende, na Mwanasha mwenyewe alikiri kwamba huwa inapanda. Mwalimu Filemoni, rafiki wa marehemu Baba, alinunua wiki ya namna hiyo mahali pengine. Sasa anataka kuiuza na hapati hata wa kumpa bure. Huko kubadilishana nako lazima uombe mapema, na upokee unachopewa. Waulize basi kama yupo atakayekupa wiki moja ya Newala, tuone.

Na likizo yako nani anaijua mapema? Safari hii ulisema utatukuta pale, kazini wakakunyima ruhusa, tukala siku zote na kiti chako kitupu. Mama alikataza mtu mwingine asikikalie.

Hilo ndilo linaloniuma. Unapata likizo ndefu mara moja kwa miaka miwili. Ukiifunga na Kigamboni, nyumbani hutafika. Unasema utatukusanya wote kule, na mimi nikwambie ukweli, nitakuja. Nimekukosa kiasi kwamba hata wiki ya kugawiwa nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini Mama hatakuja. Njiani tukirudi miguu ilimvimba, tukamshusha Ndanda hospitali, na daktari amesema safari ndefu kama ile asiirudie tena. Alinikataza nisikwambie, nami nimekwambia.

Mjomba Edmund anakusalimu, anapalilia mikorosho yake. Shangazi Anjelina anauliza Regina yuko darasa la ngapi sasa. Mpe wifi pole ya kazi, nawe usiache kuvaa lile sweta. Mungu awatunze ugenini, na awafungulie njia ya kurudi.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema hakuagizi kitu. Siku hizi macho yake yamefifia, kaka, hata picha mnazotuma namweleza mimi nani ni nani. Kisha akaongeza, “Mwambie aje ale chakula hapa karibu yangu, nimsikie.”

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Selestina